Mnauliza: Nibebe kifaa gani cha setilaiti porini?

Habari kaka. Naongoza watalii wa kutembea kwa miguu, hasa ile njia ya kutoka kreta ya Empakaai kushuka mpaka kijiji cha Engare Sero kule Ziwa Natron, na wageni wakitaka tunapanda na Oldoinyo Lengai. Njia nzima mtandao ni wa kubahatisha. Bosi anasema mgeni mmoja akiwa na iPhone mpya inatosha, si ina setilaiti? Dereva wetu anasema ninunue SPOT, kale kakifaa ka kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Mgeni mmoja Mjerumani akaniambia PLB, kile kifaa cha kuita waokoaji tu, ndo mpango mzima, haina malipo ya mwezi. Nimsikilize nani? – Msomaji, Arusha

Dada, tuanze na bosi maana yeye ndo anaweza kukuponza. Ni kweli iPhone kuanzia 14, ile ya 2022, inaweza kutuma ombi la msaada kwa setilaiti, ila huduma yenyewe Apple wameifungua kwenye nchi wanazozitaja wao, Marekani, Kanada, Uingereza, nchi kadhaa za Ulaya, Australia, Japani huko, na Tanzania haimo. Haijalishi mgeni kainunulia wapi, kinachoangaliwa ni mahali mlipo. Kwa hiyo mkiwa Natron ile ni simu tu kama simu zingine, inapiga picha nzuri basi.

SPOT inatumia setilaiti za Globalstar, na hizo zinafanya kazi kama kioo, zinapokea meseji yako na kuishusha palepale kwenye kituo cha ardhini, sasa kama setilaiti inayokuona wewe haioni kituo chochote, meseji haiendi popote. Fungua ramani yao ya huduma uitazame Afrika, ukanda wetu huu wa mashariki na katikati ndo wenye mapengo. Halafu SPOT Gen4 inatuma tu, haipokei, utabonyeza kitufe ukae unajiuliza kama kuna mtu amekuona. Dereva namheshimu ila kwa njia yako hapana.

Kwa huku kwetu ninachokiamini ni kifaa kinachotumia setilaiti za kampuni ya Iridium. Wana setilaiti 66 zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, zinapita ncha moja ya dunia hadi nyingine na zinapasiana meseji zenyewe kwa zenyewe huko juu, hivyo hazihitaji kituo kiwe jirani yako, iwe Natron, iwe Mahale, iwe katikati ya bahari. Vifaa vya Garmin inReach na ZOLEO vyote viko humo. ZOLEO ni nafuu kuinunua lakini haina skrini, simu yako ikizima chaji unabaki na kitufe cha SOS na cha kusema niko salama, huwezi kueleza kitu. inReach Mini 2 ina gramu 100, ina kaskrini kadogo, na hata simu ikifa unaweza kuandika, japo kuandika kwenye vile vitufe ni adhabu. Kwa mtu anayeongoza watu ningechukua hiyo Mini 2 na nisingehangaika kutafuta zaidi.

Mjerumani wako hajakosea kabisa. PLB inarusha mawimbi ya 406 MHz kwenda kwenye Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti wa kutafuta na kuokoa watu, ule ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Wasovieti na ukaanza kuokoa watu 1982. Ni kweli haina malipo ya mwezi, na betri inakaa miaka haijaguswa. Lakini inasema jambo moja tu, nisaidieni niko hapa. Na matatizo mengi ya njia yako si ya namna hiyo, ni punda kagoma, mgeni kateguka kifundo anahitaji gari lije kumsubiri chini kesho saa nne badala ya keshokutwa, mpishi anaharisha. Hayo yanataka mazungumzo. Hata kwenye dharura kubwa, mtu akikuuliza anapumua vizuri? anaongea? ukamjibu, msaada unaokuja unakuwa wenye akili.

Na hapa ndo nataka bosi wako asome kwa sauti. Ukibonyeza SOS ya inReach inapokelewa na watu wa zamu wako Marekani, Texas. Watakujibu, watapiga simu kwa mamlaka za huku na kwa namba ulizoandikisha. Hawana helikopta ya kukutumia. Anayekuja ni mtu wa hapahapa, na bili ya ndege hailipwi na kifurushi chako cha dola 15 kwa mwezi, inalipwa na bima ya mgeni au na kampuni. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote kaeni ofisini mkubaliane namba zipi zinaandikishwa, nani anashika simu usiku (Lengai mnapanda usiku, sivyo?), bima ya kila mgeni namba ngapi, gari linaweza kufika wapi. Kampuni ikishindwa kujibu hayo hata ununue kifaa cha laki ngapi utakuwa unaongea na Texas tu.

Ukikipata kijaribu kwa meseji za kawaida ukiwa uwanjani nyumbani, ile SOS usiiguse. Usichukulie kwamba SMS kutoka namba ya ajabu ya nje itaingia kwenye kila laini ya bongo, mtu wa ofisini aweke programu ya Garmin Messenger apokee kwa intaneti. Kinataka kuona anga, kwa hiyo kwenye msitu wa Empakaai au ndani ya korongo meseji inaweza kuchelewa sana, tafuta uwazi utulie. Usiku wa baridi lala nacho ndani ya slipingi begi.

Shemeji yangu yuko Marekani anataka kuniletea inReach yake ya zamani na PLB. Nipokee tu? – Msomaji, Mwanza

Pokea, vya bure havikataliwi, ila inReach aiondoe kwanza kwenye akaunti yake, la sivyo hutaweza kuisajili kwako, na ukiitumia ikiwa bado ya kwake siku ya shida watampigia mkewe akiwa kazini. PLB ya kule ina msimbo wa Marekani ndani yake, ukibonyeza taarifa inaanzia kwao, kwa hiyo itabidi ipangwe upya na wataalamu. Angalia na tarehe ya betri, mara nyingi betri mpya na hiyo kazi ya kuipanga vinakula hela hadi zawadi inakuwa ghali.

Nimealikwa kupanda milima India, naweza kwenda na inReach yangu? – Msomaji, Moshi

Iache Moshi. India hawaruhusu vifaa vya setilaiti bila kibali cha idara yao ya mawasiliano na kuna wapanda milima wa kigeni wameshakamatwa uwanja wa ndege kwa kuwa nacho kwenye begi tu, hata hawajakiwasha. Waulize wenyeji wako kule wanatumia redio gani.