Maswali ya Wasomaji: Kutoka Maikrofoni Hadi Mswada wa Runinga

SWALI: Huu ni mwaka wa tatu nachekesha jukwaani hapa Kisumu. Nimeandika mswada wa kipindi cha runinga, kurasa 58, nikifuata nyayo za Lee Mack wa Uingereza, maana naye alianza na maikrofoni. Marafiki waliousoma hawakucheka, ilhali mizaha ni ileile inayowavunja watu mbavu ukumbini. Nimekosea wapi? – *Msomaji, Kondele*

JIBU: Jukwaani mzaha ni wako. Kwenye kipindi ni wa mhusika, na asipokuwa na sababu ya kuusema, unakufa.

Lee Mack, mzaliwa wa Southport, alishinda shindano la wachekeshaji chipukizi la So You Think You're Funny? mjini Edinburgh mwaka 1995. Not Going Out, kipindi chake cha vichekesho, ilianza BBC mwaka 2006. Katikati ya miaka hiyo 11 kuna ngazi ambayo wengi huiruka: The Sketch Show ya ITV ya Uingereza, iliyoanza 2001, ambayo ni vituko vifupi vifupi. Kituko cha dakika mbili hukulazimisha kumgawia mwenzako mzaha. Isitoshe, hakuanza Not Going Out peke yake. Aliiandika pamoja na mwandishi Andrew Collins.

Sasa mtazame mhusika wake, Lee, ambaye katika misimu ya mwanzo ni kijana mpangaji asiye na kazi ya maana. Anachezea maneno kama jukwaani, lakini hufanya hivyo kukwepa swali gumu, na kila akikwepa anajichimbia shimo zaidi. Hapo ndipo penye ufundi.

Kwa hiyo, weka ule mswada kando. Chukua shida moja: mama wa hoteli ya samaki Dunga anadaiwa kodi, na mwenye nyumba anafika saa kumi jioni. Mwanawe amezitumia pesa hizo na hataki kusema. Wahusika wanne au watano, maeneo matatu. BBC haina matangazo ya biashara, hivyo kipindi chake hukaribia dakika 30. Kwa stesheni zetu lenga dakika 22 hadi 24. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, basi zile 58 ni karibu saa nzima.

Ukimaliza, funika majina ya wahusika usome mazungumzo. Usipotambua nani anasema, wote wanaongea kwa sauti yako. Hili ndilo kosa kubwa la wachekeshaji wa jukwaani, na tunashuku ndilo lako. Kisha waite watu watano wausome kwa sauti mbele ya wageni wasiokujua, nawe kaa kimya na kalamu. Weka alama panapochekwa. Kurasa mbili zikipita bila alama, mara nyingi mhusika ameacha kutafuta anachokitaka. Usirekebishe kwa kupachika mzaha, rudisha shida. Not Going Out yenyewe hurekodiwa mbele ya watazamaji.

SWALI: Stesheni ikikataa kipindi, nianze kingine kabisa? – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: La, si lazima. BBC ilitangaza mwaka 2009 kwamba Not Going Out ingeishia msimu wa tatu, kisha ikabadili uamuzi, na kipindi kikarudi hewani Januari 2011. Hifadhi kila toleo la mswada na tarehe yake, na uwe na muhtasari wa ukurasa mmoja pamoja na vipindi viwili vilivyokamilika. Wakikuita tena, watataka kuona cha pili.