Ukitaka kupiga zilipendwa jukwaani, anza na besi

Wadau wa muziki wa dansi, hasa nyie vijana mnaoanzisha bendi hapa Tabora, naomba niseme hili maana napiga gitaa la besi na nimekaa sana na bendi za kopi, zile zinazopiga nyimbo za wengine: wimbo wa zamani mara nyingi hauharibiwi na muimbaji, unaharibiwa na besi. Muimbaji akisahau mstari ukumbi mzima unamsaidia kuimba, lakini besi ikienda kivingine kidogo tu wale wazee waliokuja kucheza wanarudi kwenye viti, na hawatakwambia kwa nini, wengine hata wenyewe hawajui ni kwa nini, wanachojua ni kwamba mguu umekataa.

Na kwa mji huu huwezi kujificha. Hapa ndo nyumbani kwa Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, hapa ndo kwa Nyanyembe Jazz, hapa ndo walipotokea Kiko Kids ya Salum Zahoro miaka ya 50 huko. Kanyenye, Isevya, Ng'ambo, bado kuna watu waliolicheza dansi lile wakiwa vijana na wanalikumbuka kwa mwili, sio kwa kichwa.

Mimi haya nimejifunza kwa kukaa pembeni ya mzee mmoja mpiga besi wa enzi hizo (jina nalihifadhi, hapendi mambo ya mitandaoni) tulipomuomba arudi jukwaani apige nyimbo za ujana wake. Siku ya mazoezi tukafika tumejipanga wote, magitaa, drams, kinanda, yeye akasema naomba wengine mkae, nataka mimi na tumba tu. Wakapiga wimbo mzima wao wawili tu, bila gitaa, bila sauti, na jamani wimbo ulikuwepo wote! Tulikuwa tunausikia kabisa. Besi yake inapiga noti tatu, inanyamaza, tumba inajibu, inarudi. Kijana wetu mmoja fundi kweli wa besi alivyopewa zamu akajaza lile pengo kwa manjonjo, mzee akamsimamisha kwa upole: "Mwanangu, hapo pana kazi ya tumba, mwachie."

Hilo ndo la kwanza ninalowashauri, fanyeni mazoezi ya besi na tumba peke yao mpaka wimbo usimame, ndo muite magitaa. Vijana wengi wa besi siku hizi wamekulia kwenye kwaya na bendi za kanisani, wana vidole vyepesi sana na mimi nawaheshimu, ila kule wamezoea kujaza kila nafasi na dansi la zamani linaishi kwenye nafasi. Ukiijaza umelizika.

La pili ni kusikiliza. Rekodi nyingi za bendi zetu zilifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima inapiga kwa pamoja kwenye tepu, kwa hiyo besi mara nyingi imejificha chini na kwenye spika ya simu huisikii kabisa, utaishia kubuni. Vaa hedifoni nzuri. Alafu usishangae ukikuta wimbo hauko kwenye kii (ngazi ya sauti) yoyote unayoijua, uko katikati ya G na G sharp hivi. Tepu ikizungushwa kwa kasi tofauti kidogo na ile iliyorekodiwa sauti yote inapanda au inashuka, kwa hiyo wewe shusha au pandisha nyuzi zako zifanane na rekodi, jifunze mstari wote hivyohivyo, ukishaushika ndo urudishe tuning ya kawaida na mtafute kii inayomfaa muimbaji wenu wa leo. Na sikiliza mpaka mwisho, watu wanajifunza ile sehemu ya kwanza ya kuimba alafu chemko, ile sehemu ya mwisho wimbo unapochangamka, wanaachia bahati, wakati chemko ndo mahali besi inabadilika na watu wanasimama.

Sasa kuna swali naulizwa sana, je tupige vilevile kama kopi au tubadilishe? Hapa mimi huwa natoa mfano wa Ron Carter, yule Mmarekani wa besi kubwa la kusimama, mzaliwa wa Michigan mwaka 1937, Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walimtambua mwaka 2015 kwa kusikika kwenye rekodi 2,221. Alikuwa kwenye kundi la Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz, kuanzia 1963 mpaka 1968, na Desemba 1965 walipiga kwenye klabu ya Plugged Nickel kule Chicago, nyimbo ambazo Miles alishazipiga miaka na miaka, wakazivunjavunja kabisa, kasi inapanda inashuka, mpaka unajiuliza ni wimbo gani huu. Rekodi zake zipo, zitafuteni. Msikilize Carter pale chini, wenzake wote wanaruka na yeye ndo anajua nyumbani ni wapi. Uhuru wote ule unawezekana kwa sababu kuna mtu mmoja anaujua wimbo mpaka mifupani.

Ila kule watu wamekaa kwenye viti wanasikiliza. Kwetu watu wanacheza, na mimi naamini uhuru wa mpiga besi wa dansi unaishia pale mguu wa mchezaji unapotua. Badilisha solo, badilisha kinanda, ongeza saksafoni kama mnayo, lakini mahali besi inapotua paache. Mzee wetu alikuwa habadilishi kutua, alikuwa anabadilisha njia ya kufika tu, na kila usiku ilikuwa tofauti, ukumbi unapiga kelele bila kujua kilichobadilika ni nini.

Sauti nayo. Nyuzi mpya zinalia kama chuma, hazifai. Tafuta zile bapa (flatwound), ukikosa weka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja (pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa), noti itakuwa fupi na nene. Mwambie fundi mitambo asipandishe treble (sauti kali za juu), na akibisha simama nae mpaka mwelewane.

Na mkimwalika mzee, mlipeni, na mlipeni kabla hajapanda. Mpeni kiti jukwaani, msimweke saa saba usiku baada ya wasanii wote, zamu yake iwe mapema akiwa na nguvu na watu wa rika lake hawajarudi nyumbani. Hakimiliki za nyimbo waulizeni COSOTA mapema.

Kwenye mazoezi mrekodini video, na kamera iangalie mikono, maana noti ileile ukiipiga kwenye uzi mnene juu ya shingo na ukiipiga kwenye uzi mwembamba huku chini haisikiki sawa, na yeye alichagua moja kwa sababu. Muulizeni sababu hiyo akiwa ameshika besi.