Kitenzi "wissen" (kujua) kilinitesa mpaka nilipojua kilikotoka

Mwaka wangu wa kwanza wa Kijerumani, daftari lilijaa wino mwekundu mahali pamoja. Naandika *er weißt*, "yeye anajua", mwalimu anaikata t. Sahihi ni *er weiß*. Lakini *er kommt* (anakuja) ina t, *er macht* (anafanya) ina t! Niliambiwa nikariri tu. Nikakariri, nikasahau, nikakosea tena.

Dawa niliipata kwenye lugha ya kale iliyozaa Kijerumani, Kiingereza na Kiswidi. Wataalamu wameiunda upya kwa kulinganisha watoto wake, ndiyo maana maneno yake huandikwa na kinyota mbele. "Kujua" ilikuwa \*witaną: \*wait najua, \*waist unajua, \*wait anajua, \*witum tunajua, \*witud mnajua, \*witun wanajua. Umeona? "Najua" na "anajua" ni neno lilelile tangu enzi hizo.

Na utamu uko hapa: asili ya \*wait ilikuwa "nimeona". Mzizi wake ni wa kuona, uleule uliozaa *video* ya Kilatini, yaani "naona", neno tulilonalo leo kwenye kila simu. (D ya Kilatini katika ile lugha ya kale husikika t: *decem* ni kumi, Kiingereza *ten*.) Aliyekwisha kuona, sasa anajua. Basi umbo la jambo lililotimia likawa la wakati uliopo, likabaki na miisho yake ya zamani, isiyo na ile t ya *kommt*.

Mswahili hapa ana bahati. Ukiulizwa kama somo limeingia unajibu "nimeelewa", na maana yako ni kwamba unaelewa sasa hivi. Mtoto "amelala" bado yumo usingizini. Ni -me- hiyohiyo!

Kwa hiyo usikariri *weiß* peke yake. Kariri ukoo mzima: *kann* (anaweza), *mag* (anapenda), *darf* (anaruhusiwa), *soll* (anapaswa), *muss* (analazimika). Vyote vilipita njia hiyo, na *er* havipi t. *Will* (anataka) ina historia nyingine, ila iweke humohumo. Mimi nilichora mstari katikati ya ukurasa: umoja kushoto, wingi kulia, *ich weiß – wir wissen* (najua – tunajua), *ich kann – wir können* (naweza – tunaweza), nikasoma kwa sauti kila asubuhi kabla ya chai. Irabu inayobadilika katikati usiiogope. Ilikuwamo tangu \*wait na \*witum.

Wiki ya tatu nikaandika *er weiß* bila kufikiri.