Shahawa kidogo, mbegu sifuri: MRI ya nini?

SWALI: Daktari, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina umri wa miaka 34, na huu ni mwaka wa nne wa ndoa bila mtoto. Nimepima shahawa mara mbili: mililita 0.8, kisha 0.7, na mara zote haikuonekana mbegu hata moja. Nimeandikiwa MRI (picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku) ya nyonga, lakini rafiki zangu wanasema hicho ni kipimo cha kichwa na uti wa mgongo. Je, kitaonyesha kama nina mbegu, au ninapoteza fedha?

JIBU: Ndugu msomaji, MRI haizioni mbegu, sembuse kuzihesabu, hiyo ni kazi ya darubini ya maabara. Inachoonyesha ni njia zinamopita, na wanaume wengi wenye tatizo la uzazi hawaihitaji kabisa. Wapo wanaopigwa MRI ya kichwa, pale homoni ya prolaktini inapopanda na kutiliwa shaka uvimbe kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, lakini kisa chako ni kingine.

Katika karatasi yako, kinachoipa MRI maana si ile sifuri iliyokutisha, bali ni ile 0.8. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini kuwa mililita 1.4. Sehemu kubwa ya shahawa haitoki kwenye korodani, bali kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu na kwenye tezi dume. Ndiyo maana mwanamume aliyefunga uzazi huendelea kutoa shahawa kwa kiasi karibu kilekile, isipokuwa hazina mbegu. Kwako mbegu hazipo na shahawa zenyewe ni kidogo, kwa hiyo huenda mirija imeziba inapopita kwenye tezi dume, au yenyewe na vifuko hivyo havikuumbika tangu tumboni mwa mama. Maeneo hayo MRI huyaonyesha vizuri, bila mionzi.

Hata hivyo, kabla hujalipa, muulize daktari kama mkojo wako ulipimwa baada ya kutoa shahawa, kwa kuwa wakati mwingine shahawa hurudi nyuma zikaingia kibofuni, na kama shahawa zilipimwa asidi na sukari ya fruktosi. Homoni nazo zipimwe. Mirija ya korodanini daktari huipapasa kwa vidole tu, na ultrasaundi ya kupitia njia ya haja kubwa, ambayo wengi huikwepa kwa aibu, mara nyingi hutangulia MRI na gharama yake ni ndogo. Ikibainika kwamba njia imeziba, yawezekana kuzibuliwa; kama mirija haipo, mbegu huweza kuvutwa kwa sindano kutoka korodanini na kutumika kurutubisha yai maabara.

Jambo moja usilifiche: kazi yako. Chembe ya chuma iliyowahi kukurukia jichoni na kubaki humo inaweza kusogezwa na sumaku ya mashine na kuliumiza jicho. Mweleze mtaalamu wa picha kabla hujaingia chumbani, ili upigwe kwanza eksirei ya macho.