Kuponi umepewa wewe, usiimwage kwa grupu

Hili nataka niliandike vizuri manake limeniuma, na najua wengi wetu hapa Malindi tunalifanya bila hata kufikiria. Kuna jirani yangu ana kiduka cha madera na leso, sana sana anauza kwa simu, wachagua picha WhatsApp, walipa kwa till, boda anakuletea mpaka mlangoni. Mwaka jana kabla ya Idd alitutumia sisi wateja wake wa zamani neno la kuponi, ukiagiza unaliandika anakupunguzia asilimia 20. Nikafurahi, saa ile ile nikaifowadi kwa grupu la chama na lile la wazazi wa shule, nia yangu nzuri kabisa, naona nawasaidia wenzangu wapate nguo ya sikukuu.

Siku ya tatu akaniita dukani. Hakupiga kelele, alinifungulia daftari tu. Dera analiuza 1,500, yeye mwenyewe analichukua Mombasa kwa 1,100, na mzigo kuja kwa basi pamoja na mfuko wa kufungia yamla kama 50 kwa kila moja. Sasa toa 300 za kuponi, anabaki na shilingi 50, na hapo chumba hakijalipwa wala stima. Kwa wale wateja wake 20 alishapiga hesabu akaridhika, ile ilikuwa shukrani yake kwao. Lakini chini ya majina yao kulikuwa na wengine 31 asiowajua hata mmoja, 31 mara 300 ni 9,300, na kidole chake kimesimama pale pale kwenye jumla. Akaniambia, "Dada, mimi hii nilikupa wewe."

Na kilichonikata maini zaidi, kuna bibi mmoja wa Shela amemnunulia tangu enzi akitembeza nguo mitaani, alikuja na pesa yake mkononi akakuta yamebaki madera mawili, yote yana kasoro ya mshono. Haki yake tuliila sisi.

Sasa sisemi kila ofa ni siri. Ikiwa duka limeibandika ukutani ama kwa ukurasa wao wote waone, tuma popote, ndo wanachotaka. Zile za kualika rafiki pia zimetengenezwa ziende, mwenzako akijiunga nawe unapata chako. Bonga Points za Safaricom, zile pointi unazopata ukitumia laini yao, zilizoanza 2007, kampuni yenyewe imekuwekea njia ya kumtumia mwengine, kwa hivyo ukimsaidia mdogo wako hujamwibia mtu. Tazama mwenye kitu amefungua mlango gani. Ikija kwa simu yako na jina lako liko juu, ama imeandikwa ni ya mteja wa kudumu, ama ni ya wafanyakazi, hiyo yako na imeishia kwako. Ya wafanyakazi hasa usimuombe mtu, utamfukuzisha kazi kwa ajili ya mia mbili.

Kadi za pointi za supamaketi watu hubishana sana. Mamangu hana kadi, tunakula chungu kimoja, nikitaja namba yangu akilipa sioni ubaya kama masharti yao hayakatazi. Lakini keshia kutia namba yake kwa shopping ya mteja asiyejua lolote, hapo anachukua kisicho chake. Na zile bei nafuu za mkaazi wa nchi kwa mahoteli vile vile: binamu yangu aliye ng'ambo alitaka nimbukie kwa kitambulisho changu alale yeye, nikamkatalia, akanuna wiki nzima, sawa tu. Wanaouza kuponi za bure walizopewa, wallahi waache.

Nilirudi kwa grupu zote mbili nikaandika kosa ni langu na ile kuponi isitumike tena. Nikampelekea jirani 3,000, akakataa, nikaziacha juu ya meza yake nikatoka, siku ya pili nikaona mtoto wake ameniletea leso.

Siku hizi nikipewa kitu nauliza kwanza, ni meseji moja tu. Juzi alitoa nyengine nikamuandikia, "Dada, hii naweza kumpa wifi yangu?" Akanijibu kwa voisi, "Mpe, lakini mwambie akija ataje jina lako nimjue."