Maswali na majibu: Bei ya uniti si mkataba

Barua za mikataba ya umeme na gesi zimejaa tena, na nusu yake zinauliza jambo moja: "Nimepewa bei hii kwa uniti, ni nzuri?" Sitazijibu. Anayetaka jibu aniambie ametumia uniti ngapi katika miezi 12 iliyopita, tozo ya kudumu ni kiasi gani, mkataba ni wa muda gani na mwisho wa kutoa notisi ni lini. Wauzaji hutanguliza bei ya uniti kwa sababu ndiyo tunayoitazama, na yanayoumiza biashara ndogo yamewekwa kurasa za nyuma. Waliofuata hapa walau wameleta maelezo.

Swali: Nina saluni, natumia kama uniti 150 kwa mwezi. Muuzaji wa kwanza anatoza 20 kwa uniti na tozo ya kudumu ya 900 kwa mwezi. Wa pili anatoza 23, na tozo yake ni 300. Kila mtu ananiambia nimchukue wa kwanza.

Jibu: Hao wanaokuambia hawajapiga hesabu. Kwa uniti 150, wa kwanza atakutoza 3,900 na wa pili 3,750. Mizani inalingana kwenye uniti 200. Ukivuka hapo wa kwanza anakuwa nafuu, na kwa uniti 400 atakuokolea 600 kila mwezi. Kwa hiyo swali la kweli ni kama saluni yako itakua ndani ya muda wa mkataba. Ukiongeza vikaushio na hita ya maji, hesabu inageuka.

Waulize wote wawili kwa maandishi: bei hii ina kila kitu ndani, au gharama za mtandao wa waya za umeme na kodi zitaongezwa juu? Mikataba mingi inayotangazwa kuwa ya bei isiyobadilika imefunga bei ya nishati peke yake. Gharama za waya zikipanda, unapandishiwa, na kifungu cha kuruhusu hilo umekisaini mwenyewe.

Swali: Nichague bei iliyofungwa au inayofuata soko? Natengeneza mikate, oveni zinawaka usiku kucha.

Jibu: Usijiulize ipi itakuwa nafuu, kwa sababu hakuna ajuaye. Jiulize ni mshtuko gani biashara yako inaweza kuubeba.

Februari 2021, baridi kali ilipolemaza mitambo huko Texas, Marekani, bei ya jumla ya umeme ilifika kikomo kilichowekwa, dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani uniti 1,000. Hiyo ni dola 9 kwa uniti moja. Waliokuwa na mikataba ya kufuata bei ya jumla saa kwa saa walipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache tu. Kabla ya hapo walikuwa wakilipa kidogo kuliko majirani zao na kujisifu.

Lakini wanaohubiri kwamba bei iliyofungwa ni salama siku zote nao wanapotosha. Gesi ya Ulaya, ambayo katikati ya mwaka 2020 iliuzwa chini ya euro 10 kwa megawati-saa, ilivuka euro 300 mwezi Agosti 2022. Wenye biashara walioingiwa na hofu wakafunga bei wiki zile kwa miaka miwili au mitatu. Ilipofika mwisho wa Februari 2023 soko lilikuwa chini ya euro 60, nao wamefungwa kule kule juu. Tena kufunga bei si kinga ya kila kitu: Uingereza karibu kampuni 30 za nishati zilifilisika katika msukosuko ule, na wateja wengi waliohamishiwa kwa muuzaji mwingine hawakuhama na bei yao ya zamani.

Kwako wewe, oveni ni sehemu kubwa ya gharama na huwezi kupandisha bei ya mkate kila asubuhi. Funga bei, lakini kwa mwaka mmoja, na usifunge katika wiki ambayo kila gazeti linaandika habari za nishati. Na kwa kuwa unafanya kazi usiku, dai mkataba wenye bei tofauti ya usiku na mchana. Unatumia umeme wakati ambao wengi wamelala. Katika masoko mengi hiyo ni nguvu ya kujadiliana, nawe hujaitumia.

Swali: Nikihama muuzaji, umeme utakatika? Wataleta waya mpya?

Jibu: Hapana, na hapana. Waya ni za mwenye mtandao, unabadilisha anayekutumia bili tu. Kwa sababu hiyo hiyo, usimwamini anayekuahidi kwamba ukihamia kwake umeme hautakatika-katika.

Swali: Dalali amenipigia simu, anasema atanitafutia mkataba bora na huduma yake ni bure. Nimkubalie?

Jibu: Si bure. Kamisheni yake imeingizwa ndani ya bei yako ya uniti, nawe utailipa kila mwezi hadi mkataba uishe. Chukua mfano wa duka linalotumia uniti 25,000 kwa mwaka na kusaini miaka mitatu. Dalali akijiongezea 2 tu kwa kila uniti, ametia mfukoni 150,000 kwa simu mbili. Ndiyo maana wengi wao wanapenda mikataba mirefu, na ndiyo maana Uingereza, tangu Oktoba 2022, biashara ndogo kabisa lazima zionyeshwe kiasi hicho ndani ya masharti makuu ya mkataba. Kama kwenu hakuna sheria hiyo, uliza mwenyewe: unalipwa kiasi gani kwa kila uniti yangu, na umelinganisha wauzaji wangapi? Asipojibu kwa tarakimu, agana naye.

Wapo madalali waaminifu, na mwenye matawi kadhaa anaweza kunufaika nao. Ila karatasi ya kumruhusu dalali iangalie maneno yake kwa makini. Kumruhusu akuulizie bei ni jambo moja, kumruhusu asaini kwa niaba yako ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi yote mawili yamebanwa kwenye aya moja.

Halafu simu yenyewe. Katika baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo, "ndiyo" yako iliyorekodiwa inatosha kuifunga biashara mkataba. Zile siku 14 za kughairi ambazo sheria za Ulaya zinampa mnunuzi wa kawaida hazikutungwa kwa ajili ya biashara. Usikubali chochote kwa simu. Sema: nitumie kwa maandishi. Anayesema ofa inaisha leo saa kumi anakukimbiza ili usisome.

Swali: Mkataba wangu uliisha nikajua niko huru. Sasa nimeambiwa umejirefusha mwaka mzima kwa bei ya juu. Hii ni haki?

Jibu: Mwezi haupiti bila kuletewa swali hili, na kila mara kifungu kimo kwenye mkataba ambao mwulizaji hakuusoma. Notisi hutakiwa siku 30, 60, hata 90 kabla ya tarehe ya mwisho. Andika kwao leo, eleza kwamba hukukusudia kuendelea, uliza kama wamewahi kukutumia taarifa ya kumalizika kwa mkataba na watoe ushahidi. Kisha ulizia kwa mdhibiti wa nishati wa nchi yako, maana zipo nchi zinazozuia kumrefushia mkataba mfanyabiashara mdogo kimya kimya. Hayo yakishindikana, utalipa mwaka huo. Na notisi ya mkataba mpya itume wiki ile ile unayosaini, kama wanaipokea mapema.

Swali: Nachomelea vyuma. Bili yangu ina mstari wa kVA. Mwezi uliopita tulifunga karakana wiki mbili, uniti zikapungua, lakini mstari huo haukushuka hata kidogo. Wananiibia?

Jibu: Hawakuibii. kVA ni kipimo cha nguvu yote unayovuta kwa wakati mmoja, na tozo hiyo inapima kilele chako, yaani dakika 15 au 30 ulizovuta umeme mwingi kuliko zote katika mwezi. Uliwasha mashine zote pamoja asubuhi moja tu, kilele kikaandikwa.

Una mambo mawili ya kufanya. Kwanza, pishanisha mashine kubwa zisifanye kazi kwa wakati mmoja. Pili, pima pawa fakta, yaani sehemu ya nguvu unayovuta ambayo kweli inafanya kazi (hiyo ndiyo kW), kwa sababu mashine za kuchomelea na mota huishusha sana. Kazi ya kW 70 kwa pawa fakta ya 0.7 inavuta kVA 100. Ukiweka kapasita zinazofaa, vifaa vya kuipandisha pawa fakta, ukafika 0.95, inashuka hadi karibu kVA 74. Mwite fundi wa umeme wa viwandani kabla hujamwita muuzaji mwingine, kwani ukihama na kilele hicho unahama na tatizo lako. Angalia pia kama mkataba unakulipisha kiwango cha chini cha kVA hata usipokitumia.

Swali: Kampuni inataka kunifungia sola juu ya paa bila malipo ya mwanzo. Nitanunua umeme wao miaka 15, bei chini ya gridi, ikipanda 5% kwa mwaka.

Jibu: Kwa 5%, mwaka wa 15 utalipa karibu mara mbili ya bei ya mwaka wa kwanza, na hakuna aliyekuahidi kwamba gridi itapanda kwa kasi hiyo. Jua halipandi bei. Jadili nyongeza ishuke hadi 1% au 2%, au isiwepo. Uliza kama utalipia uniti ulizotumia au zote zilizozalishwa, maana siku za mapumziko paneli zinaendelea kuzalisha. Uliza bei ya kuununua mtambo kila mwaka iandikwe kwenye jedwali. Na kama jengo ni la kupanga, usisaini kabla mwenye nyumba hajasaini.

Swali: Nahamia jengo jipya mwezi ujao. Nianze na nini?

Jibu: Siku unayopokea funguo, piga picha ya mita ikionyesha namba yake na usomaji, umtumie muuzaji aliyepo siku hiyo hiyo. Usipofanya hivyo unaweza kubebeshwa deni la aliyetoka. Halafu tafuta mkataba mara moja, kwa sababu anayetumia umeme bila mkataba kwa kawaida hutozwa bei ya juu kuliko zote alizonazo muuzaji.