Kabla hujapogolea nyanya, ijue ni fupi au ndefu

Mwaka wangu wa pili wa kulima nyanya hapa Ilula, Iringa, nilipogolea robo eka ya Cal J kwa bidii ya mtu aliyetoka semina jana yake. Kila chipukizi nililolikuta kwenye kwapa la jani nililinyofoa. Shamba likapendeza, jirani zangu wakasimama barabarani kulitazama. Siku ya kuvuna matenga yakawa ya kuhesabu, na nyanya nyingi zilikuwa na mabaka meupe ya kubabuliwa na jua.

Cal J, Tanya na Rio Grande ni nyanya fupi. Shina likifika mahali linaishia kwenye kichala cha maua, basi. Matawi ya pembeni ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa, nami nilikuwa nimeyatupa yote kwenye mtaro. Hizi ziondolee machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza na majani yanayogusa udongo, kisha ziache.

Ndefu, kama Anna F1 au Money Maker, ndizo za kupogolewa hasa, kwa kuwa zenyewe hazijui kukoma kurefuka. Kama paketi ya mbegu imepotea, hesabu majani kati ya kichala na kichala: ndefu huwa na kama matatu, fupi moja au mawili.

Mimi kwenye ndefu naacha mashina mawili, shina mama na lile chipukizi lililo chini tu ya kichala cha kwanza, maana ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mengine nayatoa kila wiki kabla hayajazidi urefu wa kidole. Yakiwa madogo hivyo mkasi wa nini? Lipinde huku na huku, linakatika lenyewe. Likishanenepa usilivute, litaondoka na ganda la shina. Hapo tumia mkasi, na uufute kwa spiriti kila unapohamia mche mwingine. Wavuta sigara nao wanawe kwa sabuni kwanza, kwani virusi vya batobato la tumbaku, ugonjwa wa mabaka ya majani unaoshika na nyanya pia, hubebwa na vidole.

Kazi hii naifanya asubuhi, umande ukishakauka, ili vidonda vipate jua la kutosha kabla ya jioni. Siku ya mvua sigusi kabisa. Majani ya chini nayo hutolewa, lakini matatu tu kwa mara moja, tena matunda ya kichala cha kwanza yakiwa yameshajaa. Jani ndilo jiko la mmea. Ukiyamaliza, tunda litakula nini?

Na yale machipukizi uliyonyofoa, yasitupwe yote. Mbegu za chotara, kama hiyo Anna F1, ni ghali. Chagua yenye urefu wa kiganja kutoka kwenye miche isiyo na ugonjwa, yachomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini, na baada ya kama wiki mbili utakuta yameotesha mizizi. Msimu uliopita nilizibia mapengo yangu yote kwa hayo.